Mapungufu ya Ukaguzi

Mjini pale kuna sheria kwamba mti wowote ambao shina lake, likipimwa usawa wa kifua, linazidi mzunguko wa mita moja na nusu, unalindwa. Kiwanja ni chako, kivuli ni chako, majani ya kufagia ni yako kabisa, lakini mti ni wa watu wote. Ukitaka kuukata, au hata kupunguza tawi nono kuliko paja, sharti upate kibali cha ofisi ya miti, na ofisi ya miti haitoi kibali bila ripoti ya mkaguzi aliyesajiliwa. Mkaguzi huyo, kwa miaka ishirini na sita, alikuwa Kigogota.

Jina hilo alipewa na wenye nyumba, kwa heshima mwanzoni. Alitembea na nyundo ya mbao. Akifika kwenye mti huligonga shina kuanzia chini kwenda juu, pande zote nne, kichwa ameinamisha, kama yule ndege anayetoboa magogo kwa mdomo. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu na fupi. Mti uliooza ndani hujibu kama mtungi mtupu. Kigogota akisikia mtungi, ofisi hutuma kekee ya sindano ndefu, ya kutoboa shina hadi ndani, kuthibitisha. Asipousikia, kekee haiji, kibali hakitoki, na mwenye nyumba anarudi kufagia.

Watu walimjaribu. Mmoja aliumwagia mti wake maji ya chumvi miezi mitatu, kisha akampokea getini kwa uso wa msiba na kusema maskini mti unaumwa, sijui umepatwa na nini. Kigogota aliandika: "Mti umelishwa chumvi. Mwenye nyumba aulizwe." Mwingine alimwonyesha ufa kwenye ukuta aliojenga bila msingi, akidai ni kazi ya mizizi. Kigogota aliandika: "Mti ni mzima. Mgonjwa ni ukuta." Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache hakuyauza.

Ripoti yake ilikuwa na kurasa nne: vipimo, afya, mapendekezo, na ukurasa wa mwisho wenye kichwa "Mapungufu ya Ukaguzi". Hapo mkaguzi hutaja kilichomzuia kufanya kazi yake sawasawa, kama mvua, geti lililofungwa au mbwa mkali. Kwa miaka ishirini na sita Kigogota aliandika hapo neno moja: "Hakuna." Hata siku mbwa alipomng'ata mkono wa kulia aliandika "Hakuna", kwa mkono wa kushoto.

Sasa tuje kwa dada yake. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, na ndiye aliyemlea Kigogota tangu mama yao alipofariki, mmoja akiwa na miaka saba na mwingine kumi na tisa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mkuyu mkubwa ulioinamia chumba chake cha kulala. Dada aliomba kibali cha kuukata. Alisema upepo ukivuma mti unakoroma, na yeye si mtoto, mkoromo anaujua. Kigogota akaenda na nyundo. Palipoandikwa "Uhusiano na mwenye nyumba" alijaza "Dada, tumbo moja", na ili asije mtu akasema damu imemlainisha, aligonga kila upande mara mbili. Alitazama majani, yalikuwa ya kijani hadi kileleni. Akaandika: "Mzima."

Kibali kilikataliwa, na dada mtu alilipokea jambo hilo vibaya. Alisema amemlisha kwa mikono yake mtu ambaye leo anausikiliza mti kuliko yeye. Kigogota akamshauri, kama anaogopa, ahamie sebuleni. Dada akajibu kwamba hakuzalisha nusu ya mji huu ili uzeeni alale kwenye kochi. Kitanda kikabaki palepale chini ya mkuyu. Kutembeleana kukafa, zikabaki salamu za simu, fupi kama za watu wanaopishana mlangoni mwa benki.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo Kigogota mwenyewe hakulisema. Alikuwa hasikii vizuri. Miaka mingi ya kusimama karibu na misumeno ya injini ilikuwa imemla masikio polepole, kama mchwa, yaani kwa ndani na bila fujo. Redio yake majirani wote waliisikiliza, wengine bila hiari. Kwenye mkutano wa mtaa aliulizwa jambo, akaitikia kwa adabu, na baada ya wiki moja akagundua kuwa yeye ndiye katibu wa kamati ya mitaro. Mkewe alimwambia aende hospitali. Alijibu kwamba watu siku hizi wanaongea ndani ya midomo. Sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa halisikii dawa wala mengine.

Kazini je? Kazini aligonga, mkono ukahisi kishindo, jicho likaona majani ya kijani, na moyo ukamletea ile sauti kavu na fupi aliyoizoea. Hakuwa akidanganya. Alikuwa akikumbuka. Na katika kina cha nafsi yake alilijua hilo, akaliogopa, kwa sababu mkaguzi asiyesikia hana muhuri wa ukaguzi, na Kigogota bila muhuri hakujua angekuwa nani. Kwa hiyo aliendelea kuandika "Hakuna".

Mwezi mmoja baada ya ule ugomvi, mti wa Mwalimu ulianguka. Mwalimu alikuwa mstaafu aliyeishi mtaa wa pili, na mti wake Kigogota aliupitisha mwaka uliotangulia. Ulianguka saa nne asubuhi, bila upepo, juu ya kamba ya nguo, dakika chache baada ya mke wa Mwalimu kumaliza kuanua mashuka. Kigogota aliitwa. Alikuta shina limepasuka, ndani hamna kitu, uwazi ambao kuku angeweza kuatamia mayai humo na asisumbuliwe.

Mwalimu hakufoka. Alishika nakala ya ripoti na kusema tu, "Uliandika mzima."

Kigogota alichuchumaa, akaligonga lile shina. Uwazi alikuwa akiuona kwa macho yake mawili. Hakusikia mtungi. Akageuka akagonga nguzo ya uzio, mbao ngumu iliyokauka. Ikawa vilevile. Akagonga tena shina, tena nguzo, shina, nguzo, hata mke wa Mwalimu akamnong'oneza mumewe kwamba huyu sasa amechanganyikiwa. Hakuwa akiufikiria mti wa Mwalimu tena. Alikuwa akiufikiria mkuyu, na kitanda kilicho chini yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, kwa miguu, haraka kiasi cha kusahau kofia kwa Mwalimu. Alipiga hodi, akaingia, akamkuta uani akichambua maharage.

"Dada," alisema, "mimi sisikii."

Dada aliendelea kuchambua. "Najua. Nimekuitikia hodi mara tatu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu uje kugonga mti wangu. Nilikuwa nyuma yako nakwambia sogea, unakanyaga mchicha. Ukaukanyaga wote."

Kigogota akamuuliza kwa nini hakusema. Dada akasema alingoja aseme mwenyewe, kama alivyongoja wasichana wengi waliokuja kwake wakidai wameshiba tu. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Haya, umesema. Sasa unataka nini?"

Alitaka masikio. Alieleza kwa aibu, akitazama maharage. Dada akainuka, akaingia ndani, akarudi na kile kikombe chake cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, ambacho alikitumia miaka thelathini na nne na hakukirudisha kazini alipostaafu. Akakiweka kwenye gome la mkuyu, akabandika sikio, akafumba macho.

"Gonga," alisema.

Kigogota akagonga upande wa barabarani.

"Hapa kuna mtu."

Akagonga upande wa jirani. Kuna mtu. Akazunguka, akagonga upande unaotazama dirisha la chumba cha kulala. Dada akaashiria agonge tena, chini kidogo, kisha juu kidogo. Alipofumbua macho hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda ubishi.

"Hapa hamna mtu," alisema. "Hapa mtu alishaondoka zamani."

Kigogota alikaa chini, palipokuwa na mchicha. Alilia kidogo, kama mwanaume wa rika lake anavyolia, yaani kwa kusafisha miwani. Siku hiyohiyo kitanda kikahamia sebuleni, na Dada akakilalia bila kutaja kochi.

Asubuhi yake Kigogota alipeleka ripoti mpya. Karani wa ofisi ya miti, mwanamke aliyekuwa ameyapiga muhuri maelfu ya "Hakuna" bila kuyatazama, alifika ukurasa wa nne akasimama. Uliandikwa hivi:

"Mkaguzi hasikii sawasawa kwa muda usiopungua miaka miwili, na alijua. Nyundo imesikilizwa na mwenye nyumba, mkunga mstaafu, ambaye ni dada wa mkaguzi na anataka mti ukatwe. Hata hivyo amesikia vizuri. Kekee iletwe. Ripoti ya kwanza isiaminiwe. Ripoti nyingine sitini na tatu, zilizoorodheshwa nyuma, zisiaminiwe pia."

Karani alimuuliza kama ana hakika anataka hilo liingie kwenye faili. Kigogota akamwomba arudie. Karani akarudia. Kigogota akasema ndiyo, na safari hii alijua anaitikia nini.

Kekee ilikuja siku ya tatu na sindano ikazama kama kwenye mkate. Kibali kikatoka, mkuyu ukashushwa tawi kwa tawi, na Dada akarudi chumbani kwake, ambako sasa alilalamika kuhusu jua. Muhuri wa Kigogota ulichukuliwa kwa barua ya mistari minne yenye shukrani katika mstari wa tatu. Kuhusu miti sitini na mitatu, ofisi ilisema mkaguzi mwingine ataletwa kutoka mji jirani, pengine baada ya miezi mitatu.

Kigogota hakungoja. Jumatatu iliyofuata alisimama getini kwa dada yake na orodha na nyundo. Dada alitoka na mwavuli na kikombe chake, akasema miguu inamuuma na angependa waanze na nyumba za karibu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule bwana wa ukuta wenye ufa. Alifungua geti akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye kinyongo, kama huu ni ukaguzi. Kigogota akajibu kwamba yeye si mkaguzi tena. Amekuja kuomba radhi na kugonga.

Dada aliweka kikombe kwenye shina, akafumba macho. Kigogota akagonga pande zote nne, polepole, na kila alipogonga alimtazama dada yake usoni, maana huko ndiko sauti ilikokuwa siku hizi. Dada akasema kitu.

Zamani angeitikia kwa kichwa na kwenda mti wa pili.

"Sijasikia, Dada," alisema.

Dada akamsogelea sikioni. "Nimesema yumo," akarudia. "Huyu yumo, mzima kabisa. Twende."