Dobi Anayesuuza Udongo

Mtaa mzima unamwita Dobi, ingawa ni mwaka wa sita tangu astaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Alifua miaka thelathini na moja. Mpaka leo ukimtajia shuka lililorudishwa wodini na povu, anakunja uso kama aliyelambishwa shubiri.

Nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya ufuo. Bahari ikijaa kupita kiasi, maji ya chumvi hupenya chini ya lango la bati na kutuama uani, juu ya matuta yake manne. Mwezi mmoja yaliingia mara mbili. Bamia zilikauka zikiwa wima, biringanya zikaungua majani. Mwanawe, fundi mwashi anayeishi naye, akashusha mifuko sita ya saruji barazani.

"Mama, Jumamosi namwaga zege ua mzima. Bahari ikiingia tunafagia, basi. Upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mgongo wako huo, umepinda."

"Tangu lini mgongo wangu unakutuma uusemee?"

Mkewe fundi, aliyekuwa akianika nguo, alijificha nyuma ya shuka acheke.

Dobi aliomba wiki mbili na tuta moja. Lisipootesha kitu, zege limwagwe.

"Panda mchicha, basi," fundi akasema kwa huruma.

Dobi alimtazama kama aliyetukanwa. Mchicha huota hata jalalani. Yeye angepanda maharage, ambayo hayapatani na chumvi hata kidogo.

Majirani wengi hukosea hapo. Bahari ikirudi, wao hukimbilia kisimani kuteka maji ya kumwagilia, na kisima chenyewe kimeshaingiwa na chumvi. Dobi hakigusi. Ana mapipa matatu ya maji ya mvua, na chini ya kila tuta alizika bomba lenye matundu la kutolea maji nje. Alimimina pipa la kwanza tutani polepole, akakinga kikombe kwenye mdomo wa bomba, akaonja. Akatema. Kesho yake pipa la pili. Akatema tena, ila safari hii bila kukunja uso.

"Mama," mkwewe akasema, "hili la tatu si tubakize la kufulia?"

"Mwanangu, mimi ndiye wa kufundishwa kufua?"

Hospitalini alipima maji ya mwisho ya kusuuzia kwa vidole. Udongo anaupima kwa ulimi. Pipa la tatu lilipokwisha alionja, akatulia, akameza. Ndipo akapanda mbegu arobaini.

Jumamosi ya ahadi fundi alitoka na koleo begani, akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda kando ya tuta. Maharage yalikuwa yametoka usiku huo, kila moja likisukuma udongo kwa shingo iliyopinda. Fundi akachuchumaa, akahesabu. Thelathini na saba.

"Nayo migongo imepinda," Dobi akasema. "Yaambie yapumzike."

Fundi aliweka koleo chini. Alibeba mifuko ya saruji mmoja mmoja mpaka langoni, na kufikia jioni alikuwa amejenga kizingiti cha kuzuia bahari, kimo cha goti. Siku hizi huwaambia wageni kwamba wazo la kizingiti lilikuwa lake. Dobi humwacha aseme, kisha huwachukua wageni hao kuwaonyesha maharage.