Siku Jasusi wa Modestus Alipoogopa

Kiingereza cha Modestus ni cha kuombea maji, lakini mwaka wa kumi na nane huu ndiye anayetafsiri filamu katika banda la video pale Murusagamba, na asiyeamini akaulize. Jumapili baada ya misa hukaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, na kila jasusi anayetokea humbatiza jina lile lile: Nyanda. Nyanda haogopi. Nyanda halii. Akionekana analia, Modestus husema ni moshi wa mabomu, na watu hupiga makofi.

Mwaka huu ameota uvimbe kooni. Hospitalini walisema afanyiwe upasuaji mapema, ila sauti inaweza kupotea. Amepangiwa tarehe mara mbili, na mara zote mbili amemdanganya mkewe, Esperansia, kwamba daktari kaahirisha. Mwanamume mzima! Tarehe ya tatu ilikuwa Jumatatu.

Jumapili ya kuamkia siku hiyo, filamu ilifika mahali ambapo jasusi, baada ya kuangusha watu sita, anajifungia chumbani na kukaa sakafuni, mikono ikimtetemeka. Hasemi neno. Watazamaji wakasubiri utani. Esperansia naye alikuwa mlangoni na beseni lake la karanga, kama kawaida.

Modestus alitaka kusema Nyanda anapanga mashambulizi. Ikashindikana.

"Anaogopa," akasema. "Kesho anatakiwa aende mahali, na huko wanaweza kumnyang'anya kitu anachokipenda. Ameshakimbia mara mbili. Mkewe hajui."

"Stelingi gani anaogopa?" mmoja akaropoka. Wenzake wakamnyamazisha.

Esperansia alitua beseni. Akapita katikati ya mabenchi, akakatiza mbele ya televisheni, jambo ambalo hata mtoto hathubutu, akamshika mumewe mkono.

"Baba Clever," akasema, na kipaza sauti kikayapeleka maneno banda zima, "mwambie huyo Nyanda mkewe anajua tangu mara ya kwanza. Alikuwa anasubiri aambiwe. Nguo zimeshafungwa, asubuhi wanaondoka wote wawili."

Hakuna aliyecheka. Kwenye filamu jasusi alinyanyuka, akavaa koti lake. Machozi yalikuwa yanamtiririka Modestus, wala hakusingizia moshi.

"Sasa," akatafsiri, "Nyanda anakwenda."