Mesh ya Wifi

Mimi natengeneza simu. Nina kibanda changu Dilala, hapa mjini Kolwezi, mbele ya kituo cha pikipiki, na nasema hivi mapema ili mtu asidhani kwamba kazi niliyoifanya nyumbani kwetu Kapata ilikuwa ya kubahatisha. Haikuwa. Kilichokwenda kombo ni habari ya nywele, nayo nitaieleza bila aibu.

Nyumbani tuko watatu: baba, mimi, na mke wa kaka yangu. Kaka mwenyewe anaishi barabarani na lori lake. Majirani wanamwita mke wa kaka belle-sœur, kama Kolwezi nzima. Sisi tunasema wifi, kwa sababu marehemu mama alikuwa wa Maniema, wa zile familia za Kiislamu za biashara na malori, na alituachia maneno yake pamoja na sufuria zake.

Wifi ni mkunga. Hospitali moja ya Lubumbashi ilitaka kumhoji kwa video ili impe kazi, na ilimwagiza awe peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Akakaa katika chumba chake, kwenye nyumba ndogo ya nyuma ya ua. Swali la kwanza lilikuwa hili: mama amejifungua na damu haikomi, utaanza na nini? Wifi ameshaizuia damu hiyo zaidi ya mara moja, tochi ikiwa mdomoni. Akafungua kinywa, na picha ikaganda. Wale wa Lubumbashi walibaki wakimtazama mkunga aliyeachama, hasemi neno. Kesho yake wakamwandikia kwamba atapewa nafasi moja tena, Jumatatu baada ya wiki mbili, na baada ya hapo wataita mtu mwingine.

Nilimkuta jikoni anamenya mihogo na kulia. Mimi machozi ya mtu asiye na kosa yananitia hasira. Nikamwambia mtandao utafika mpaka kitandani kwake, au nisiitwe fundi tena.

Shida ilikuwa kuta. Nyumba zetu za Kapata zilijengwa na kampuni ya migodi kwa ajili ya wafanyakazi wake, na waliozijenga hawakufanya ubahili wa matofali. Ruta ilikuwa sebuleni, na hadi chumba cha wifi mtandao ulipaswa kupenya kuta tatu na ua. Kumhamishia wifi sebuleni haikuwezekana, maana sebule yetu ni njia ya kila mgeni na kila kuku. Kilichohitajika ni mesh: visanduku vitatu vinavyopokezana mtandao toka chumba hadi chumba, huku ruta ya zamani ikibaki palepale.

Shida ya pili ilikuwa baba.

Baba alikuwa fundi umeme wa kampuni tangu ujana wake. Siku walipomwachisha kazi, barua alipewa na mlinzi wa getini. Mkubwa wake hakutokeza hata pua. Ruta aliifunga mwenyewe, juu ya kibao alichokipigilia ukutani, na chini yake akatundika daftari kwa uzi, kama walivyofanya kazini. Ndani yake, kwa Kifaransa cha kampuni, kuna safu za tarehe, kazi iliyofanywa, sahihi, na cheo cha aliyeifanya. Amezima, amewasha. Amefuta vumbi. Na kila mstari unaishia na herufi tatu, R.A.S., maana yake hakuna la kuripoti. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa ruta. Nilipokuwa msichana nilimwomba anifundishe umeme, akasema waya ni kazi ya watoto wanaume. Nikajifunza kwenye simu za watu.

"Tata," nilimwambia baba, "nataka kuongeza bitu kwa ruta."

"Unataka kuitosha," alisema, yaani kuiondoa.

"Apana. Inabakia."

"Bote banasemaka vile," alisema bila kunitazama. "'We utabakia, usiogope.' Kisha banaleta barua."

Niliumia. Marehemu mama alikuwa na msemo wake: usiache mbachao kwa msala upitao. Sikuwa na nia ya kumwachisha mtu kazi, wala ruta. Kesho yake nilirudi na maneno ya migodini. Nikamwambia ruta ndiyo chef, yaani mkubwa wa kazi, na hivyo visanduku ni makapita, wasimamizi wa vikosi: wanapokea amri kwa chef na kuipeleka mbele, hawatoi amri yao. Baba alikaa na hilo neno siku nzima. Jioni akasema, "Bakapita, sawa. Lakini chef haguswi."

Vifaa vilikuwa Lubumbashi. Mjomba wangu, binamu wa mama, anasafirisha mizigo njia hiyo, kwa hiyo nikampigia simu. Alikuwa kwenye lori, injini inanguruma.

"Mjomba, uniletee mesh ya wifi. Tatu."

"Ya wifi yako?"

"Eyo, ya wifi yetu ya hapa nyumba."

"Nyeusi ao rangi ingine?"

Nikafikiria vumbi la Kapata. "Nyeusi."

"Fupi ao ndefu?"

Nikaona mzee ameelewa mambo ya mtandao kuliko nilivyotegemea. "Ile ya kufika mbali, mjomba. Ifike mpaka kule nyuma!"

Siku tano baadaye alishuka kwenye lori akicheka, akanipa mfuko. Ndani mlikuwa na pakiti tatu za nywele za kusukia, zile ambazo mji mzima tunaziita kwa Kifaransa mèche, na hutamkwa vilevile mesh: nyeusi, ndefu, zinazofika mpaka nyuma, kiunoni.

Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Mjomba akajitetea, "Aba! Ulisema mèche, ulisema wifi. Nikose wapi?" Na kweli hakukosa popote. Nilikuwa nimemwagiza kwa Kiswahili sanifu kabisa nywele za mke wa kaka yangu. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu ile siku ya mihogo, na baba alilazimika kwenda kucheka chumbani ili asipoteze heshima. Safari hii nilimtumia mjomba picha. Visanduku vilifika Jumamosi, na mahojiano yalikuwa Jumatatu.

Jumapili asubuhi baba aliweka kiti mbele ya ruta, akakaa kama mlinzi. Nilichukua kisanduku cha kwanza, nikakiunganisha kwa waya kwenye tundu moja la ruta. Hapo ndipo wengi wanapokosea: kisanduku kikiachwa kilivyo, nacho kinataka kuwa ruta, kigawe anwani kwa kila simu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakichagulia kazi ya kupitisha tu. Nikawapa makapita jina lilelile na neno la siri lilelile alilotunga baba, kisha, kwa ruhusa yake, nikazima mawimbi ya ruta yenyewe, ibaki kutoa amri kwa waya.

"Inaongea bado?" baba aliuliza.

"Inaongea na bakapita, tata. Batu bengine banapitia kwa bakapita."

"Chef wa kweli," alisema, na nikamwona ameridhika.

Cha pili nilikiweka kwenye korido, cha tatu kwa wifi. Taa ya cha tatu ikawaka nyekundu. Nikasogeza, nyekundu. Nikageuza, nyekundu. Nilikuwa nimeanza kuyatukana matofali ya kampuni, wakubwa wake na mama zao, baba aliponyanyuka.

"Weka ya katikati ku dirisha ya jikoni," alisema. "Pale ukuta iko tofali moja tu. Mi njo nilipitisha waya pale."

Nikaweka. Taa ya chumbani kwa wifi ikawa nyeupe. Nilimpigia kaka video nikiwa nimelala kwenye kitanda cha mkewe, viatu miguuni, na picha haikutetereka hata kidogo. Nilijiona mkubwa siku ile, na sioni kwa nini nifiche. Mchana nilimsuka wifi kwa zile mèche za mjomba, ndefu mpaka nyuma.

Jumatatu baba alivaa koti lake la kazini, akazima redio, akafunga geti. Wageni wawili walirudishwa. Alikaa chini ya ruta, mimi nikasimama jikoni kando ya kapita wa dirishani, tukingoja kama watu walio nje ya chumba cha kujifungulia.

Wifi alitoka mikono kichwani.

"Banauliza tena ile ya damu," alisema. "Nilijibu yote, mpaka mwisho. Banasema nianze mwezi wenye kuya."

Mwezi ujao! Nilimkumbatia hadi akalalamikia nywele zake. Nilipogeuka, baba alikuwa amelitungua daftari. Aliandika tarehe. Aliandika: wameongezwa makapita watatu, chef anabaki. Akaandika R.A.S. Kisha akanipa kalamu.

"Saini."

"Tata, daftari ni yako."

"Mwenye kutumika njo anasaini." Kwetu, kutumika ni kufanya kazi.

Nikatia sahihi. Ilibaki safu ya cheo, ambayo tangu ukurasa wa kwanza ilikuwa na neno moja tu, lake. Sikujua la kuweka, nikanakili lilelile: électricien. Baba akalitazama, akanipokonya kalamu, na mwishoni mwa neno akaongeza herufi mbili kwa mkono wake: ne. Kwa Kifaransa, herufi hizo mbili ndizo zinazosema kwamba fundi ni mwanamke.