Amina ndani ya zege bichi

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe.

Kile kibaraza chetu cha zamani kilichopasuka, fundi amekivunja na kumwaga zege jipya, maana kesho kutwa jumuiya inasali kwangu.

Akaniagiza, "Mama, asikanyage mtu."

Mimi huyo na fimbo! Nimefukuza kuku, nimemfokea hadi mume wangu.

Kisha nikaanza kumshukuru Mungu kwa kibaraza. Nanyi mnanijua, nikisali nafumba macho na kutembea.

Kufika amina, miguu yote miwili imo ndani ya zege, mpaka vifundoni.

Fundi hakucheka. (Mimi ningecheka.) Akachukua mwiko, akavuta kiti.

"Mama, kaa hapa nikuone. Na ukisali, fumbua macho."

Wenzangu, macho wazi mnasalije?