Babu Niliyemlilia Kitale

Mama mzungu mwenye maua alinikuta nimekumbatia jiwe la kaburi la babake, nalia, "Kuka Makokha wee! Babu yangu!" Mlinzi wa makaburi akanigusa bega. "Mzee, huyu si wenu. Ameandikwa Habati."

Wa kulaumiwa ni binamu yangu Simiyu. Kitinda mimba wangu alikuwa analia usiku na mchana. Wazee wakasema anataka jina la babu yetu Makokha, aliyekufa akipigania wazungu vitani, na atanyamaza tukimpeleka kwenye kaburi la mwenye jina. Mimi niliachia darasa la pili, bana. Simiyu, anayetuchosha na kidato chake cha nne, akatutoa Kanduyi mpaka makaburi ya wanajeshi Kitale, akapigapiga jiwe moja: "Si ni huyu!" Nikamwaga pombe ya busaa, nikamwinua mtoto, nikamkabidhi kwa babu.

Uchungu ni kwamba mtoto alinyamaza palepale. Mpaka leo nikimwita Makokha anapiga nduru. Majirani wakimwita Habati, anacheka.

Simiyu, acha kujificha huko mjini Moi's Bridge. Njoo umwambie mke wangu kwa mdomo wako: huyu mtoto tumwite nani?