Pikipiki Tuliyoishusha Madigadi

Siku pikipiki ilipoingia uani kwetu Chapwa, jirani wa kwanza kuiona aliuliza, "Mradi gani huo?" Hakuuliza bei. Kwetu Tunduma mtu akiona kitu kipya asiulize bei, ujue kimemzidi.

Simlaumu. Pikipiki ndefu za aina ile, zenye matairi ya meno na madigadi iliyoinuka juu ya gurudumu kama mdomo wa bata, tulizoea kuziona chini ya watu wa chanjo, mabwana mifugo na mapadri. Sisi wengine tulipanda zile fupi, za kiti kama benchi la kanisani, zinazobeba baba, mama, mtoto na debe la mahindi, na bado mtu wa nne anauliza kama kuna nafasi. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na ukiiacha lami ya kwenda mpakani kidogo tu, ulikuwa umeiaga serikali.

Wenye mali tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu niliyemfuata kuzaliwa. Nusu yake ilitoka kwenye kahawa ya Iyula, nusu yangu kwenye kuku. Nilikuwa nanunua kuku wa kienyeji bondeni Momba na kuwauza mpakani kwa akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia. Kiangazi biashara ilijiendea yenyewe, maana malori yalishuka bondeni na kurudi. Masika ilikuwa ni kukaa. Udongo wa kule ni mweusi, ukilowa unanata kama ugali usioiva, na hakuna dereva mwenye mke anayempenda aliyekubali kushuka. Matenga yangu yalibaki yananing'inia ukutani, na wateja wangu wakipita waliniuliza kwa Kibemba chao, "Bamayo, inkoko shili kwi?" Mama, kuku wako wapi? Nami nawajibu, wanakuja. Miezi yote ya mvua kuku wangu walikuwa wanakuja.

Ndiyo maana nilipoiona pikipiki ile dukani niliizunguka mara mbili, nikaondoka, nikarudi, nikaizunguka tena. Muuzaji akaanza kuniangalia mikono. Tulipatana bei kwa shida, nikaongezewa plagi ya akiba, na nilipofika mlangoni nikarudi kuomba kitambaa cha kufutia. Nilipewa kwa hasira, lakini kitambaa cha hasira kinafuta vilevile.

Siku zile za kwanza nilikuwa natafuta sababu za kutumwa. Chumvi ikiwa nusu kopo, nasema imekwisha. Injini ilikuwa na sauti ya mtu anayekohoa kabla ya kusema jambo la maana. Shokapu zake zilikuwa ndefu. Kwenye mashimo ya njia yetu, ambako pikipiki fupi ilikupiga kiuno na kukuongezea tusi, hii ilizama kidogo, ikainuka, ikaendelea na safari zake. Mara ya kwanza tulipopita pale nilimwambia kaka arudi tupite tena, kwa sababu sikuamini. Tukapita tena. Bado ilikuwa kweli.

Tatizo lilikuwa kimo. Aliyejua kuendesha ni kaka yangu, naye ni mfupi. Urefu wa ukoo wote niliuchukua mimi, na hajanisamehe. Akikaa kwenye kile kiti miguu yake ilichungulia ardhi bila kuifikia. Kila alipotaka kusimama alitafuta jiwe, tuta, au ngazi za duka la mtu. Siku moja foleni ya malori karibu na mpaka ilimsimamisha ghafla mahali pasipo na jiwe. Alilala chini polepole, kwa heshima, kama mti uliokwisha kuagana na ndugu zake, pikipiki ikamfuata. Vijana wa kubadilisha fedha wakapiga makofi.

"Mzee, shusha ngazi kwanza!"

Tangu siku hiyo kaka akaanza kusema pikipiki inakula mafuta.

Hazikupita siku nyingi akaja bwana shamba mmoja kutoka upande wa Ruanda, ile ya hukuhuku kwetu, si ile nchi, mtu mpole, mrefu, miguu yake imekaa kama iliyokatwa kwa kipimo cha kiti kile. Akalipapasa tangi.

"Mnauza?"

Sasa, mfanyabiashara wa mpakani hasemi "siuzi." Kumwambia mteja "siuzi" ni kuifukuza riziki, na riziki ina kinyongo. Unachofanya ni kutaja bei ya kufukuza, ile ambayo mwenye akili akiisikia anaaga mwenyewe, na mnabaki marafiki. Nikavuta pumzi niitaje. Kaka akaniwahi. Akataja bei ya kuuza.

Bwana shamba akasema atakuja Jumamosi na hela taslimu.

"Kaka, umeuza miguu yangu," nilimwambia alipoondoka.

"Nimeuza nusu yangu, nusu yako imeifuata. Tutanunua fupi, tuweke bodaboda hapa hapa mjini. Kuku wako wangoje kiangazi, hawana haraka ya kufa."

Tulibishana mpaka ugali ukapoa, tukakubaliana hivi: tushuke bondeni katika mvua hizi hizi, kabla ya Jumamosi. Pikipiki ikitufikisha na kuturudisha na tenga lililojaa kuku, inabaki. Ikishindwa, bwana shamba aichukue, nami sitanuna mbele za watu.

Maandalizi ndiyo yaliyotuponza. Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla hakijapita kwa fundi. Jembe jipya linabadilishwa mpini, kitanda kipya kinaongezwa mbao. Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea atufungie keria ya kubebea tenga, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini pale kwa fundi hapakosi wazee wa baraza wasio na kazi, nao wakaikodolea madigadi ya mbele.

"Hii wamekosea kiwandani," akasema mmoja. "Matope yako chini, kofia iko juu. Itakinga nini, ndege?"

Tukaona ni kweli. Nikapima kwa kiganja nafasi kati ya tairi na madigadi. Viganja viwili. Nikapima tena, viwili. Upotevu mtupu. Fundi akaitoa ile ya plastiki, akafunga ya chuma iliyotoka kwenye pikipiki fupi, akaibana chini mpaka ikakaribia kulamba tairi. Baraza zima likasifu. Ile ya plastiki sikuitupa. Niliigeuza mgongo chini, nikawawekea kuku maji.

Ijumaa mapema tukashuka, kaka mbele, mimi katikati, tenga tupu nyuma limefungwa kwa mpira. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa mawe, mifereji na mawe mengine. Mahali ambapo nikiwa juu ya lori nilizoea kusali, sasa tulipita tukizungumza. Tulivuka mkondo wa maji, injini haikukohoa. Tukaingia mteremko ambao lori huushuka roho mkononi, pikipiki ikaushuka mguu kwa mguu kama mbuzi. Nikapiga kelele ya furaha. Kaka akafunga breki.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Endelea!"

"Basi nyamaza, unaniondolea akili."

Lakini kisogo chake nilikifahamu. Alikuwa anacheka.

Chini tukaliona boma la kwanza la wafugaji. Mtu akapiga mluzi. Kufumba na kufumbua ng'ombe wakaelekezwa porini, na mwanamke mmoja akawaswaga kuku ndani kwa upindo wa kanga. Tulipofika mlangoni palikuwa na mzee na mbwa.

"Shikamoo, mzee. Tunatafuta kuku wa kununua."

"Marahaba. Kuku? Hapa hatufugi kuku."

Jogoo akawika ndani ya nyumba.

"Huyo mgeni," akasema mzee bila kutikisika. Akaitazama pikipiki kutoka tairi mpaka usukani. "Ng'ombe pia hatuna. Andika hivyo."

Nilimwapia kwamba siandiki chochote, akanijibu hata waliopita mwaka jana walianza hivyohivyo, kwa upole. Kule bondeni pikipiki ndefu ilikuwa na maana moja: mtu amekuja kuhesabu ng'ombe, na mtu akihesabiwa ng'ombe wake hajawahi kuongezewa hata mmoja.

"Pikipiki ya mradi hiyo, mdogo wangu," kaka akaniambia tulipoondoka, kwa furaha isiyo ya kindugu. "Na kesho Jumamosi."

Baada ya boma hilo ukaanza udongo mweusi. Tulikwenda kidogo, pikipiki ikapunguza mwendo, ikanguruma, ikasimama. Gurudumu la mbele lilikataa kuzunguka. Halikuwa limezama, lilikuwa limeshikwa. Tope lilikuwa limejaa kati ya tairi na ile madigadi yetu nzuri, limeshindiliwa kama tumbaku kwenye kiko. Tukachokoa kwa kijiti. Tukaondoka. Kabla sijakaa vizuri likashika tena. Tukachokoa, likashika.

Kaka akakaa juu ya jiwe. "Imeshindwa. Tumejaribu, hakuna wa kulaumiwa."

"Haijashindwa. Imekabwa."

Nikataka kupitisha kiganja kati ya tairi na chuma. Hakikupita hata kidole. Ndipo nikavikumbuka viganja vyangu viwili kule kwa fundi. Nafasi ile niliyoiita upotevu ilikuwa njia ya kupitia matope. Nikamtazama kaka, naye alikuwa anaitazama ile madigadi. Akanitazama. Tulikuwa kama wezi waliovunja nyumba wakagundua ni ya kwao.

"Wamekosea kiwandani," akasema taratibu.

"Lete spana," nikamwambia.

Tukaing'oa. Nikaifunga pembeni mwa tenga, maana chuma ni chuma, kina mnunuzi. Kaka akapanda, akawasha, nikashika mabega yake, na ile pikipiki ikaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Gurudumu likazunguka, meno yakauma udongo, na kwa kuwa sasa hatukuwa na madigadi ya aina yoyote mbele, tope lote lililokuwa chini likapanda kutusalimia. Lilitujaa machoni, mdomoni, masikioni. Pikipiki ilikuwa inaogelea, mkia huku, mkia kule. Palipoteleza sana miguu ya kaka ilipapasa hewa, basi nikateremsha yangu kutoka nyuma, nikawa nakanyaga ardhi kwa niaba yake.

"Kulia! Kanyaga kulia!"

"Nimekanyaga! Usizime moto!"

"Nani azime? Kushoto sasa!"

Kichwa chake, miguu yangu. Tukavuka mbuga nzima tukigombana kwa sauti ya juu, na sikumbuki safari nyingine niliyofurahi kiasi kile.

Kwenye boma la pili hakuna aliyekimbia. Mama mmoja wa Kisukuma, ambaye kiangazi alikuwa akiniletea kuku pale linaposimama lori, alisimama na mchi mkononi akitukodolea.

"Nyie nani?"

"Ni mimi, mama wa kuku!"

"Mama wa kuku ana sura. Wewe huna." Akasogea, akanifuta shavu kwa kidole, akaangua kicheko mpaka akauegemea mchi. "Ni yeye! Tuliposikia mlio tulisema mradi huo, watoto wakaanza kufungua ng'ombe. Nikawaambia ngojeni kwanza. Mtu wa serikali hawezi kuchafuka namna hii."

Tukaletewa maji, kisha kuku. Akataja bei. Nilicheka, tope likanipasuka usoni.

"Dada, na mvua hizi utamuuzia nani mwingine?"

"Na wewe, na mvua hizi, utarudi na tenga tupu kumwonyesha nani?"

Hapo nikajua nimekutana na mwenzangu. Tukapatana katikati, kila mmoja akilalamika kwamba ameibiwa, na majirani zake wakaja na wao. Tenga lilijaa mpaka kifuniko kikafungwa kwa kamba. Tukalala kwake, na asubuhi tukapanda mlima, polepole, kuku wakishangaa njia nzima.

Tulipoingia uani bwana shamba alikuwa ameketi kwenye kigoda chetu, bahasha ya kaki mapajani. Akasimama. Nadhani hakuona pikipiki; aliona tope lenye usukani.

Mimi nikashuka, nikaanza kulifungua tenga. Makubaliano yalikuwa kati yangu na kaka, lakini bwana shamba naye alikuwa amepewa neno, na nusu ya ile mashine haikuwa yangu kusemea. Kaka akashuka kwa kuruka, kama kijana. Akajifuta mikono kwa kile kitambaa cha hasira.

"Bei yetu ni ileile?" akauliza bwana shamba.

"Ilikuwa," akasema kaka. "Kabla hatujaipanda."

Akataja nyingine. Nikaisikia, nikairudia kimoyomoyo ili niwe na uhakika. Ilikuwa bei ya kufukuza, na imepita hata ile niliyokuwa nimeiandaa mimi.

Bwana shamba hakufukuzika. Aliichungulia bahasha, akatazama juu, midomo ikicheza kama anajumlisha. "Nikikopa kwa wenzangu kazini," akasema, "nafika."

Kaka hakupepesa macho.

"Hiyo ni bila matairi."

Bwana shamba akamtazama kaka, akanitazama mimi, akatazama zile sura zetu mbili za udongo. Akacheka mpaka akakaa tena.

"Haya, nimeelewa. Basi niuzieni jogoo, nisirudi mikono mitupu."

Jogoo tulimpa kwa bei ya kuuza. Alipoondoka kaka akachukua spana, akaenda kwenye kona ya kuku, akamwaga maji yaliyokuwa kwenye ile madigadi ya plastiki, akaifuta, akaifunga juu mahali pake, palepale kiwanda kilipokosea. Kuku wageni, wenye kiu ya safari nzima, wakatuzunguka wakilalamika.

"Pima," akaniambia.

Nikapima. Viwili. Nikapima tena, kisha nikaenda kutafuta sufuria ya kuwanyweshea kuku.