Paji la Uso Lililofika Keko

Picha ya kwanza ya mpwa wangu ilifika Keko ikiwa paji la uso tu. Dada yangu alikuwa ameolewa Maskati, na shemeji alikuwa na kompyuta kazini kwake, basi wakatutumia sura ya mtoto kwa intaneti. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na kitu hicho kilikuwa bado kigeni mtaani kwetu. Dada alisema mtoto amefanana na marehemu baba. Mama hakuafiki wala hakukanusha. Alitaka kuona mwenyewe.

Chumba cha intaneti kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa vya makochi, katikati ya karakana za maseremala. Kompyuta moja, modemu moja, na mwenye duka aliyeishika saa yake kama refa. Tulilipa kwa dakika. Modemu ilipiga simu, ikalia, ikakoroma. Kioo kikaandika kwamba tumeunganishwa kwa mwendo mkubwa kabisa. Kisha picha ikaanza kushuka kutoka juu, ufito baada ya ufito, kama mtu anayeteremsha pazia huku anasinzia. Nywele. Paji la uso. Laini ikakatika.

"Paji ni lake," mama akasema. "Haya, macho."

Macho hayakuja. Tulirudi tena na tena, na kila tuliporudi picha ilianza upya kwenye nywele, nasi tukalipia nywele zilezile. Hilo linaniudhi hadi leo. Nimetangatanga miji mingi tangu hapo, nimeuziwa samaki waliochacha na tiketi ya basi lisilokuwepo, lakini hakuna pengine nilipouziwa paji moja la uso mara nyingi namna ile.

Mwenye duka hakukosa maelezo. Leo mvua imelowesha nyaya. Kesho Wazungu wote wameamka na wanaitumia. Siku nyingine picha yenyewe ni nzito, mwambieni dada yenu ampige picha mtoto mwembamba. Alicheka peke yake.

Kilichonichanganya ni Ijumaa. Mchana wa Ijumaa mtu alishusha barua na picha zake kwa kufumba na kufumbua, kwa modemu ileile na laini ileile. Wazee wa mtaani walisema ni baraka ya siku. Karani mmoja wa kutoka bara, aliyekuwa akija kusoma barua zake, alibisha. Kwake yeye ni kwamba wakubwa wa mjini wamewahi kutoka maofisini, wakatuachia njia. Mwenye duka hakubishana na yeyote. Alipandisha tu bei ya Ijumaa mchana, kisha saa ile akawawekea wafanyabiashara wake. Mama aliambiwa aje Ijumaa ijayo. Akaja. Akaambiwa ijayo tena.

Ijumaa moja nikaenda mwenyewe kugombana. Nilisimama mlangoni kumsubiri mteja aliyekuwa ndani, nikasikia modemu inalia, kila mlio ukisikika peke yake. Nikashangaa, maana sikuwahi kuisikia vizuri hivyo. Siku zote ilifunikwa na mashine ya randa ya karakana ya jirani. Sasa mashine ilikuwa kimya. Mafundi walikuwa wamekwenda kuswali.

Nikainua macho. Waya wa simu wa mwenye duka ulitoka kwenye nguzo ya barabarani, ukapita chini ya bati la karakana, na huko alikuwa ameufunga kwa kamba pamoja na waya wa umeme wa randa, bega kwa bega, hadi dukani kwake. Alikuwa anakwepa gharama ya kusimamisha nguzo yake. Randa ikinguruma, kelele ya umeme inaingia kwenye simu. Ikizimwa, laini inatakata. Kumbe baraka aliyokuwa akituuzia ilikuwa ukimya wa mtu mwingine.

Jumanne nikamleta mama. Nilipitia kwanza kwa fundi mwenye ile mashine, mtu mzima aliyejaa unga wa mbao hadi kwenye kope. Nikamwamkia, nikamwomba aizime kidogo ili mama amwone mjukuu wake.

"Kwani mie ndiye ninayemzuia?" akauliza.

Nikamwonyesha zile nyaya mbili. Alizitazama sana. Kisha akazima mashine, akajikung'uta, akaja pamoja nasi.

Picha ilishuka bila kusita: nywele, paji, macho, pua, mdomo, mpaka shingo ya fulana. Mama alikisogelea kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Mwenye duka akatazama saa, akasema mwendo ule ni wa Ijumaa, kwa hiyo na bei ni ya Ijumaa.

"Mashine ni yangu, bwana," fundi akasema taratibu. "Niiwashe?"

Tukalipa ya Jumanne.

Mama hakuwa na habari na mabishano yetu. Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya macho ambayo hayakuwa ya baba, pua ya ukoo wa shemeji, mdomo wa dada kabisa. Alipomaliza, akakirudisha kidole juu, pale picha ilipokuwa ikianzia siku zote.

"Ni paji tu," akasema. "Basi nilishamwona siku ile ya kwanza."